Nani Analala Posta? Makazi na Uhai wa Katikati ya Dar es Salaam

Mhadhara wa wazi uliotolewa jijini Dar es Salaam mbele ya madiwani, wataalamu wa mipango miji, wenye majengo na wanafunzi

Mmekuja saa hizi mkipishana barabarani na mji mzima. Ninyi mlikuwa mnaingia, wenzenu walikuwa wanatoka, na kupishana huko ndiko kulikonileta jukwaani.

Nimekuja kutetea jambo moja. Katikati ya Dar es Salaam panahitaji wakazi kabla ya kuhitaji taa za rangi, bustani mpya au mnara mwingine wa vioo. Na wakazi hao wawe wale wale wanaouendesha mji huu mchana kutwa kisha wakafukuzwa na jua kuzama. Ninaposema katikati ya jiji nina maana ya eneo la kuanzia Feri na Kivukoni, kupitia Posta na Kisutu, mpaka Kariakoo na Gerezani, pamoja na Upanga. Kigamboni na miji mipya ya pembezoni ina wasemaji wake. Leo naomba waniachie nafasi.

Nianze na historia kidogo, kwa kuwa mji huu haukuzoea kulala mapema kwa bahati tu. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga hapa katika miaka ya 1860. Wajerumani wakahamishia hapa makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Wao, na Waingereza waliowafuata, waliugawa mji kwa aina ya majengo yaliyoruhusiwa kila eneo, na kwa vitendo huko kulikuwa kuugawa kwa rangi za watu. Uzunguni kukawa na ofisi za serikali na nyumba za maofisa zenye bustani. Uhindini kukawa na duka chini na familia juu yake. Kariakoo kukawa na nyumba za Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, baraza mbele, mwenye nyumba akilala chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Mnazi Mmoja ikaachwa wazi ili kuwatenganisha watu wa Kariakoo na wale wengine.

Ukoloni ukaondoka, lakini ramani ikabaki. Mipango mikuu ya jiji ilitengenezwa mwaka 1949, 1968 na 1979, na mji ukazidi kutanuka kufuata barabara kuu nne: Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 katika mkoa huu. Ya mwaka 2022 ikahesabu milioni 5.38. Karibu wote hao walioongezeka katika miaka kumi walitafuta kiwanja au chumba mbali na hapa tulipoketi.

Hoja ya kwanza: mtaa huwa hai usiku kwa sababu ya watu wanaolala humo, na ushahidi tunao mlangoni.

Mwenye shaka aondoke hapa kwa miguu baada ya mhadhara. Apite Samora, ateremke Barabara ya Sokoine kuelekea Kivukoni. Atakutana na walinzi, paka, na milango ya chuma iliyoteremshwa. Kisha ageuke, apite Zanaki, Jamhuri na Kisutu. Huko atakuta mishkaki inageuzwa, wazee kwenye viti vya plastiki, watoto wanaotoka madrasa, wanawake wanaoshuka ngazi kwenda kununua maziwa dukani. Umbali kati ya mitaa hiyo ni dakika chache. Hali ya hewa ni moja, halmashauri ni moja, na askari wa doria ni wale wale. Tofauti yake ni kwamba Jamhuri na Kisutu ghorofa za juu zina vitanda.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu mara nyingi tunatibu dalili. Mtaa ukiwa kimya tunasema hauna taa; tunaweka taa, unakuwa mtaa kimya wenye taa. Tunasema hauna usalama. Tunaongeza walinzi, na mtu anazidi kuogopa kwa kuwaona. Mtaa wenye wakazi una mama anayechungulia dirishani akisikia kelele, una muuza duka anayejua mtoto yule ni wa nani, una mjumbe anayegongewa mlango. Hakuna bajeti inayonunua hayo yote moja moja.

Kuna gharama nyingine ambayo wahandisi wa usafiri walioko hapa wanaifahamu kuliko mimi. Mabasi ya mwendokasi yalianza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, njia ambayo pamoja na matawi yake ina kilomita zaidi ya 20. Asubuhi basi linakuja mjini watu wamebanana mlangoni, linarudi Kimara na viti vitupu. Jioni linageuza. Tumejenga njia ya gharama kubwa, kisha nusu ya kila safari ya saa za msongamano inabeba hewa. Kila muuguzi wa Muhimbili anayepata chumba Upanga, kila karani wa duka anayepata chumba Kisutu, anaacha nafasi kwenye basi kwa mtu ambaye kweli hana budi kutoka Kimara.

Hoja ya pili: majengo tunayo, na mengi ni ya umma.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973 na ukalala miaka mingi. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali inahama, na safari hii ikahama kweli. Wizara zikafunga virago, na nyuma yake zikaacha majengo hapa mjini. Nilimsikia bwana mmoja akilalamika kwamba Dodoma imeiua Posta. Mimi naona kinyume chake: Dodoma imetupa nafasi ambayo miji mingine huililia, ya kuwa na majengo ya umma katikati ya jiji yanayosubiri kazi mpya.

Yaongezeeni hayo urithi wa mwaka 1971. Wazee mnakumbuka. Serikali ilitwaa majengo yaliyopangishwa yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 shughuli zake zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Tunaweza kubishana mpaka usiku wa manane kama kitendo kile kilikuwa cha haki. Najua humu ndani mna familia zilizopoteza nyumba, na sitaki kulipita jeraha hilo kama halipo. Ninachosema ni kwamba kwa sababu ya historia ile, umma ndiye mwenye nyumba mkubwa wa mitaa hii. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Mwalimu, ardhi ya Posta ni ghali, mtu wa kawaida hawezi kuishi hapo," namwuliza: ghali kwa nani? Mwenye ardhi ni sisi.

Sasa, ofisi inageuzwaje kuwa nyumba? Hapa wasanifu wanivumilie nikirahisisha. Kikwazo cha kwanza ni dirisha. Mnara wa kisasa wa vioo una sakafu pana. Katikati yake ni giza, na vioo vyake havifunguki. Ukiugawa vyumba, nusu ya vyumba havina hewa, na umeme ukikatika wakazi wataoka. Lakini majengo ya miaka ya 1950 hadi 1970 yalichorwa na watu walioijua hali yetu ya hewa, akiwemo Anthony Almeida, wakati ambapo kiyoyozi kilikuwa cha wachache. Ni membamba, yana madirisha pande mbili, yana vibaraza na vizuia jua vya zege, upepo wa bahari unaingia mbele na kutokea nyuma. Majengo hayo, ambayo tunayaita makuukuu na kuyaombea kibali cha kuyabomoa, ndiyo rahisi kuliko yote kulaza watu.

Kikwazo cha pili ni choo. Ofisi ina vyoo vinne mwisho wa korido. Nyumba zinataka choo na jiko kila mlango. Mabomba yapandishwe, sakafu zitobolewe, na kabla ya kutoboa mhandisi apime zege. Gharama ipo. Hata hivyo nguzo, ngazi, paa na msingi vimeshalipiwa.

New York walipita njia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ofisi nyingi za kusini mwa Manhattan, eneo la Wall Street, zilikuwa tupu. Mwaka 1995 ukapitishwa mpango wa kumpunguzia kodi ya majengo kila atakayegeuza ofisi kuwa nyumba, na mpaka unamalizika zikawa zimepatikana nyumba karibu 13,000. Mtaa uliokuwa ukifungwa saa kumi na mbili jioni ukapata shule na maduka ya vyakula. Msipige makofi bado. Aliyepokea msamaha ule alitakiwa kupangisha chini ya udhibiti wa kodi ya pango, lakini wenye majengo wakadai kwamba nyumba za bei ya juu hazihusiki. Wapangaji wakaenda mahakamani, na haki yao ikathibitishwa na mahakama ya juu ya jimbo mwaka 2019, karibu robo karne tangu mpango uanze. Madiwani, sharti la kodi nafuu liandikwe kwa lugha ambayo wakili hodari hapati pa kupenyeza kisu.

Hoja ya tatu, nayo ndiyo nitakayokaa nayo zaidi: soko likiachwa lenyewe, ghorofa za makazi huwa stoo.

Twende Kariakoo. Zile nyumba za vyumba sita zimekwisha karibu zote, na kwenye viwanja vile vile vidogo yamesimama maghorofa. Juu ya karatasi mengi yalichorwa vizuri: maduka chini, makazi juu. Pandeni ngazi mkaone. Ghorofa ya kwanza ni maduka ya jumla. Ya pili ni maduka. Ya tatu ni stoo ya viatu, ya nne mabegi, ya tano vitambaa. Mlango uliochorwa kama sebule una kufuli kubwa, na ndani mna maboksi mpaka darini.

Tusimlaani mwenye jengo. Tumsikilize hesabu yake. Anayepanga fremu ya duka analipa kodi ya mwaka mzima mkononi, na mara nyingi mpangaji mpya amekwisha kutoa kilemba kwa anayemwachia. Anayepanga stoo naye analipa kwa mwaka, hatumii maji, hajazi choo, halalamiki lifti ikiharibika, hana mtoto wa kuandika ukutani. Familia inataka maji kila siku, inataka kimya usiku, na ikipata shida inachelewesha kodi. Ukiwa wewe ndiye mwenye jengo, na benki inakudai, utampa nani chumba? (Naona wenye majengo mnacheka. Kicheko hicho nakichukua kama ushahidi.)

Na sheria zetu zinamsaidia kuchagua boksi. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia umeme wa LUKU, kiwango kimoja kwa kila ghorofa. Ni mfumo rahisi kukusanya, na kwa hilo nausifu. Lakini hauulizi kama ndani ya ghorofa ile mna watoto au mna maboksi, wala hauulizi kama jengo liko Kongo au liko mtaa wa mwisho wa Chanika. Kibali cha ujenzi nacho hukaguliwa nguzo zinaposimama. Baada ya hapo sakafu ya makazi ikigeuka stoo, hakuna anayepanda ngazi kuuliza.

Hivyo napendekeza mambo matatu, na ninayataja kwa kuyapanga kuanzia lililo jepesi. La kwanza, halmashauri ikague matumizi ya kila sakafu mara kwa mara, kama inavyokagua leseni za biashara. Afisa aandike tu anachokiona. La pili, Serikali Kuu iruhusu kiwango cha kodi ya majengo kitofautiane: ghorofa inayokaliwa na watu ilipe kidogo, ghorofa ya makazi iliyogeuzwa stoo ilipe zaidi, na zaidi kwa kiasi cha kuuma. La tatu, majengo ya umma yaonyeshe njia kwa kupangisha kwa mwezi. Hili la mwisho ni kubwa kuliko linavyosikika. Mama lishe wa Feri, anayewasha moto kabla ya adhana ya alfajiri, anaweza kulipa chumba mwezi hadi mwezi. Ukimdai miezi sita au mwaka kwa mpigo, pamoja na ada ya dalali, umemrudisha Mbagala hata kama kodi yenyewe ni ndogo.

Na vyumba viwe vya aina gani? Tukizungumza nyumba za mjini hapa kwetu, mchoraji anachora vyumba vitatu vya kulala, jiko la kigeni na maegesho ya magari mawili. Mteja wake si mwanafunzi wa IFM wala wa CBE. Si kijana anayeuza simu Mtaa wa Aggrey. Wanahitaji chumba kimoja chenye choo chake, dirisha la kweli, mita ya umeme ya peke yake na mahali pa kuanika nguo. Kila eneo la maegesho lililolazimishwa kwenye kanuni ni chumba cha mtu kilichopotea, na anayeishi Kisutu na kufanya kazi Kariakoo hana haja ya gari.

Tuna mfano wa karibu. Wakazi wa zamani wa Magomeni Kota waliondolewa, wakasubiri kwa miaka, lakini mwaka 2022 maghorofa yalipozinduliwa yalikuwa yamejengwa kwa ajili ya kaya zile zile 644. Mengi yanaweza kusemwa juu ya urefu wa kusubiri kwao. Kanuni ndiyo ninayoitaka: orodha ya majina kwanza, matofali baadaye. Anayeijua orodha ya wakazi hajengi sebule ya kutunzia mabegi.

Hoja ya nne: tusiwalaze watu mahali ambapo hatuwezi kuwaokoa.

Johannesburg ni onyo. Biashara kubwa zilihamia Sandton, soko la hisa lenyewe likahama mwaka 2000, na katikati ya jiji yakabaki majengo yasiyo na msimamizi. Watu wakaingia, kwa kuwa watu huenda kilipo chumba. Wapo waliofanya kazi nzuri: Johannesburg Housing Company, iliyoanzishwa mwaka 1995, imekuwa ikikarabati majengo na kuyapangisha kwa watu wa kipato cha chini, yenye ulinzi na usafi. Lakini tarehe 31 Agosti 2023 jengo la Usindiso katika mtaa wa Albert liliungua usiku na watu 76 wakafa, wengi wao wahamiaji kutoka nchi za Afrika kama zetu. Jengo lile lilikuwa mali ya jiji. Mwenye nyumba alikuwa umma.

Nasi tuna makaburi yetu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa karibu na Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa nne likaporomoka Kariakoo wakati watu wako kazini, wakafa zaidi ya 20. Mashuhuda walieleza kwamba chini kulikuwa kunachimbwa ili kupata nafasi zaidi ya biashara. Kwa hiyo ninaposema "majengo tunayo", sisemi tuwaingize watu kesho. Zege lipimwe. Ngazi ya pili iwepo, na isiwe stoo. Jeshi la Zimamoto liwe na njia ya gari kufika, jambo ambalo Kariakoo ya saa nane mchana, kati ya meza, mikokoteni na bodaboda, haiwezi kuliahidi. Mabomba ya maji taka yaliwekwa wakati mitaa mingi ilikuwa na nyumba za chini na ghorofa chache. Ukiongeza vyoo elfu kadhaa bila kuongeza bomba, mtaa utakujibu kwa harufu.

Hoja ya tano ni fupi: mgeni wa siku tatu si mkazi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, utalii ukakua, na nyumba nyingi zilizokuwa na koo ndani yake zikawa hoteli na maduka ya vinyago. Nyumba za kupangisha kwa usiku zimeshaanza kupendwa na wenye majengo wa hapa pia. Zikichukua ghorofa tutakazozikarabati kwa fedha za umma, tutakuwa tumejenga gesti kwa jina la makazi. Sharti la kukaliwa mwaka mzima liingie kwenye mkataba siku ya kwanza.

Yajayo, Mwenyekiti. Tangu Februari 2021 eneo lote hili liko chini ya halmashauri moja, iliyokuwa Manispaa ya Ilala na sasa ndiyo Halmashauri ya Jiji. Kisingizio cha mamlaka mbili kusukumiana kazi hakipo tena. Treni ya kisasa ilianza kubeba abiria mwaka 2024, na kituo chake cha mwanzo kiko mjini hapa hapa. Anayelala Gerezani ataweza kufanya kazi Pugu na kurudi, yaani msafara kwa mara ya kwanza utakuwa na watu wa pande zote mbili. Nawaomba madiwani wachague majengo matatu tu ya umma: moja jirani na Muhimbili kwa wauguzi, moja kati ya Posta na Kisutu kwa wanafunzi na makarani, moja karibu na Feri kwa watu wa soko la samaki. Yapimwe, yageuzwe, yapangishwe kwa mwezi, na hesabu zake zibandikwe ukutani kila robo mwaka, hasara na faida.

Nanyi wanafunzi, kabla majengo hayo hayajaguswa, gaweni Kariakoo mtaa kwa mtaa, mpande ngazi za kila jengo linalowaruhusu, muandike kila sakafu inakaliwa na nini. Orodha hiyo ikiwa tayari, baraza la madiwani halitakuwa na haja ya kunisikiliza mimi tena. Litakuwa na kitu bora zaidi cha kubishania.

Maswali yaanze, Mwenyekiti, na kama itakupendeza waanze wenye majengo, maana lile la kodi ya stoo nimewaona wameliandika.